Madaraka ya Pamoja na Madaraka ya Nyumbani

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa katika mkutano wetu wa mwaka, Sekei, Arusha)



Katibu wetu aliponiandikia alinitaka nizungumze juu ya madhumuni na madaraka ya serikali katika nchi zilizoungana. Nilimjibu kwamba mimi ni mtumishi wa Serikali wa kawaida, si mwanasiasa wala profesa wa sheria. Akanijibu kuwa ndiyo sababu ameniita, maana mtumishi ndiye anayeyaona madaraka yakifika mezani ndani ya jalada. Basi nitasema yale niliyoyaona majaladani.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipotoka Chuo Kikuu nilipangiwa kazi katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Mwaka wangu wa kwanza niliagizwa niandike rasimu ya waraka juu ya utunzaji wa kemikali katika maabara za shule. Niliuandika kwa bidii, na kwa ujana wangu nikaandika juu yake: "Kwa shule zote za sekondari za Jamhuri ya Muungano." Ukasainiwa, ukasambazwa, ukavuka bahari hadi Unguja na Pemba. Baada ya wiki chache ikaja barua fupi yenye adabu nyingi. Ilisema kwamba waraka umepokelewa; kwamba elimu ya sekondari huko iko chini ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar; na kwamba wangefurahi sana kama tungeshauriana nao.

Mkuu wangu wa kazi aliniita. Hakunigombeza. Alinipa nakala ya Katiba akaniambia, "Kijana, kaisome Nyongeza ya Kwanza, halafu panda boti uende ukawaombe radhi." Nilikwenda. Wale ndugu walinikaribisha kwa chai, kisha wakanionyesha fomu yao ya kuandikia kemikali. Ilikuwa nzuri kuliko yangu. Niliinakili nikarudi nayo Bara. Kwa hiyo nilichotaka kukipeleka kwa amri ndicho nilichokipata kwa kuomba. Tangu siku ile sijashika kalamu ya Serikali bila kujiuliza maswali matatu, na hayo ndiyo ninayotaka kuwaachieni leo.

Swali la kwanza: madaraka haya ni kwa faida ya nani?

Katiba yetu ya 1977, katika ibara ya 8, inaeleza kwamba mamlaka yote ya Serikali yanatoka kwa wananchi, na kwamba lengo kuu la Serikali ni ustawi wao. Vijana, mnaikariri ibara hiyo kwa ajili ya mtihani wa Uraia. Nasi tuliikariri. Lakini maana yake ni nzito. Madaraka ni kama jembe la kuazima: umepewa ulime, hukupewa ulitundike ukutani uonekane una jembe. Kazi ikiwa ya kulinda mipaka ya nchi nzima, jembe linawekwa mahali pamoja. Kazi ikiwa ya kuendesha zahanati na shule za Pemba, anayeijua Pemba ndiye ashike mpini. Ndiyo hekima yote ya kugawa madaraka, iwe nchi inajiita shirikisho au inajiita muungano.

Swali la pili: kazi hii amepewa nani?

Hapa lazima turudi nyuma. Mwalimu Nyerere na Mzee Karume walitia saini Hati za Muungano tarehe 22 Aprili 1964, na tarehe 26 Aprili Tanganyika na Zanzibar zikawa nchi moja. Hawakuunda serikali moja, maana nchi ndogo ingeonekana kumezwa. Hawakuunda tatu pia. Waliacha serikali mbili: ya Muungano, ambayo inashughulikia mambo ya pamoja na pia mambo yote ya Tanzania Bara, na ya Zanzibar, kwa mambo yake ya ndani. Wataalamu wa sheria wamebishana miaka mingi kama huu ni mfumo wa shirikisho au siyo. Mimi nawaachia ubishi huo. Kwa mtumishi jambo ni lile lile: kuna meza mbili, na kuna orodha inayosema jalada hili liende meza ipi.

Orodha ya 1964 ilikuwa na mambo 11. Humo mlikuwa na mambo ya nje, ulinzi, polisi, uraia, uhamiaji, ushuru wa forodha, bandari, posta na mengineyo. Leo Nyongeza ya Kwanza ina mambo 22. Sarafu na benki kuu viliingia katika miaka ya sitini, nchi za Afrika Mashariki zilipokuwa zikiachana na sarafu yao ya pamoja. Mafuta na gesi asilia viliongezwa 1968. Mahakama ya Rufani iliundwa 1979. Uandikishaji wa vyama vya siasa uliongezwa 1992, vyama vingi viliporudi.

Nataka hasa vijana watazame jambo moja katika orodha hiyo, maana linawagusa. Elimu ya sekondari si jambo la Muungano. Lakini Baraza la Mitihani, lililoundwa kwa sheria ya 1973, limo katika orodha, na elimu ya juu pia imo. Kwa hiyo kijana wa Wete na kijana wa Sekei wako chini ya wizara mbili tofauti za elimu. Lakini siku ya mtihani wa kidato cha nne wote wawili wanafungua karatasi ile ile, saa ile ile, na wakifaulu wanaweza kukutana katika chuo kikuu kimoja. Hapo mtaona Muungano ukifanya kazi bila hotuba wala gwaride: njia za kufundisha ni za nyumbani, kipimo ni cha pamoja.

Lakini nisiwadanganye kwamba mambo yote ni laini. Manung'uniko yapo, na yapo pande zote mbili. Ndugu zetu wa Zanzibar wanauliza orodha ilivyokua kutoka 11 hadi 22 ni nani aliyeulizwa. Wanasema pia kwamba Serikali ya Muungano inavaa kofia mbili, na mara nyingine haijulikani ni kofia ipi imevaliwa. Kwa kosa langu la waraka ule, siwezi kuwaambia kwamba wanaota. Wa Bara nao wanauliza kwa nini Mzanzibari ana baraza lake la kutunga sheria, kisha anakaa pia katika Bunge linalotunga sheria za Bara. Katika sensa ya 2022 Bara ilikuwa na watu 59,851,347 na Zanzibar 1,889,773. Pakiwa na tofauti kubwa kiasi hicho, mkubwa huona anabeba mzigo, na mdogo huona anaelemewa.

Maswali haya yamefika mbali. Mwaka 1984 Rais wa Zanzibar, Mzee Aboud Jumbe, aliacha nyadhifa zake katika mvutano juu ya muundo wa Muungano. Tume ya Jaji Nyalali katika miaka ya tisini ya mwanzo ilipendekeza serikali tatu. Tume ya Jaji Warioba nayo ilipendekeza tatu, na mambo ya Muungano yapunguzwe yawe 7. Bunge Maalum la 2014 likarudi kwenye mbili, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa. Mimi ni mtumishi, na kazini sina upande. Ninachosema ni kwamba idadi ya serikali haitatuokoa kama anayeshika kalamu hajui mpaka wake. Serikali tatu zenye maofisa kama nilivyokuwa mimi mwaka ule zingeandikiana barua za kulaumiana mara tatu zaidi.

Swali la tatu: tukikosana, tunakwenda kwa nani?

Ndugu Mwenyekiti, jibu la swali hili liko hatua chache tu kutoka hapa. Mkishuka kutoka Sekei kuelekea mjini mtayaona majengo marefu ya AICC. Wengi wenu mnayajua kwa mikutano na kwa ile mahakama ya mauaji ya Rwanda. Lakini yalijengwa yawe makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya 1967. Jumuiya ile ilikuwa na reli moja, bandari, posta na shirika la ndege, vyote vya nchi tatu. Mwaka 1977 ikavunjika.

Sababu zilikuwa nyingi: biashara isiyolingana, siasa zilizopishana, fedha zilizocheleweshwa. Ila moja inatuhusu sana leo. Mambo makubwa yalikuwa yakiamuliwa na marais watatu wakikaa pamoja. Baada ya Idi Amin kupindua serikali ya Uganda mwaka 1971, marais hawakukaa tena. Reli ilikuwepo, meli zilikuwepo, wafanyakazi walikuwepo. Kilichokosekana ni pa kupelekea ugomvi. Ndege na mabehewa vikabaki kunyang'anyiwa.

Jumuiya ya sasa, ambayo mkataba wake ulitiwa saini hapa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, imejifunza. Ina Bunge lake na Mahakama yake, zote hapa mjini, na hata mkazi wa kawaida wa nchi mwanachama anaweza kufungua shauri. Mkataba unataja shirikisho la kisiasa kuwa hatua ya mwisho. Sasa nchi wanachama ni nane, hadi Kongo na Somalia. Siku shirikisho hilo litakapokuja, kama litakuja, orodha ya mambo ya pamoja itaandikwa upya, na huenda ikaandikwa na mmoja wa hawa waliokaa karibu na mlango.

Kwa Muungano wetu wenyewe, Katiba imeweka Mahakama Maalum, nusu ya wajumbe kutoka kila upande. Na uamuzi wake unataka theluthi mbili za upande huu na theluthi mbili za upande ule. Mambo fulani ya Muungano hayabadilishwi bila theluthi mbili za wabunge wa Bara na theluthi mbili za wabunge wa Zanzibar. Mdogo hawezi kushindwa kwa wingi wa watu peke yake, wala mkubwa hawezi kulazimishwa. Pia tangu 2006 serikali zetu mbili zimekuwa na vikao vya pamoja vya kuondoa kero. Vinakwenda polepole, lakini ni afadhali kikao kinachochelewa kuliko meza isiyokuwepo.

Vijana, nimalizie. Baadhi yenu mtakuwa viranja, wengine mtakuwa maofisa, mahakimu, madiwani. Siku utakapopewa muhuri, jiulize hayo matatu: ni kwa faida ya nani, amepewa nani, na tukikosana tunakwenda kwa nani. Ukiona hukupewa wewe, usione haya. Andika barua ya adabu, au panda boti ukaombe.

Ile fomu ya kemikali bado ninayo. Nimeileta leo, nami naikabidhi kwa mwalimu wa maabara.