Aliyekuja: Kumtafuta Babu Kati ya Mbwaa na Kipande



Ukimwuliza Mmeru asili ya ukoo wake, atakupeleka Mbwaa moja kwa moja: kisiwa ambako wazee walitumikishwa na Nguo Ntuune, watu wa nguo nyekundu, wakadaiwa yasiyowezekana, kama ndama atoaye kinyesi cheupe, hadi wakatoroka kwa kuvuka maji. Waliovuka gizani ndio koo za Njiru, wa alfajiri Ntune, wa mchana Njeru. Embu utapelekwa kwenye msitu wa Mwenendega, karibu na Runyenjes. Jeffrey Fadiman aliitafuta Mbwaa hadi kisiwa cha Manda, H. S. K. Mwaniki akachapisha masimulizi ya Embu na Mbeere katika miaka ya 1970. Kazi hizo nazienzi. Ila zinaeleza watu walikotoka. Babu yako mmoja alikotoka hazikuambii, na familia nyingi huruka kutoka kwa babu wa tatu hadi Mbwaa kana kwamba katikati hapakuishi mtu.

Katikati hapo pana mitego. Mzee akisema babu yenu alikuwa wa Ratanya, usiandike mwaka upesi. Majina ya nthuki, yaani marika, huzunguka: Ratanya, Lubetaa, Miriti na wenzao hurudi baada ya kama karne moja. Uliza rika gani lilitangulia, na kama Wazungu walikuwa wamefika. Afisa wa kikoloni Horne alifungua kituo cha Meru mwaka 1908. Majina ya watu nayo hurudi, mjukuu akiitwa kwa jina la babu, na wawili hugeuka mmoja.

Mimi nami nilidanganyika kwa miaka, nikiamini tumetoka Mbwaa. Kisha tukafungua kikebe cha bati alichoacha baba yake babu yangu, kile kilichovaliwa shingoni. Ndani mlikuwa na kipande chake, hati ya utambulisho ya enzi za ukoloni, karatasi imechakaa kwenye mikunjo, alama za vidole bado zinaonekana. Mahali pa kabila karani aliandika: Mkamba.

Nyumbani kulizuka ukimya. Nauelewa. Tangu mashamba yapimwe, neno “alikuja” ni hatari. Ukikiri kwamba babu alipokewa, jirani atasema basi ardhi si yenu. Kwa hiyo wazee huliacha neno hilo, na watoto hurithi Mbwaa tupu. Naomba tuliandike kila linaposikika. Kupokewa na ukoo ilikuwa njia halali ya kuwa Mmeru au Mwembu, wala aliyepokewa hakuwa nusu mtu.

Nilikwenda kwa dada yake babu, nikaketi jikoni kwake akichambua maharagwe. Nilimsomea lile neno la karani, Mkamba. Hakuinua macho.

“Alikuja na njaa,” akasema. “Mama yake alimbeba.”

Ile njaa ya miaka ya 1898 hadi 1900, Wakamba waliyoiita Ngomanisye, iliwasukuma wengi kupanda huku mlimani kutafuta chakula. Wengine hawakurudi.

Nikamwuliza mbona hakuwahi kutuambia.

“Mjukuu wangu, sijawahi kuulizwa isipokuwa kwenye kesi ya shamba.”