Keki ya Blondi ya Tabaka Mbili: Jinsi ya Kuioka Nyumbani kwa Makaa

Haya ndiyo maneno ya hotuba iliyoandikwa kwa ajili ya vikao vya akina mama.



Nyumba nyingi hazina jiko la kuokea, na kwa sababu hiyo watu hudhani kwamba keki ni kitu cha kununuliwa dukani tu. Sivyo. Mwenye sufuria mbili, makaa na saa aweza kuoka keki nzuri. Lakini siagi, mayai na sukari ni vitu vya fedha. Vikiungua, ni chakula cha watoto kilichotupwa. Basi yafaa mpishi ajue tangu mwanzo mambo yanayoiharibu kazi hii.

Keki inayozungumzwa leo huitwa blondi, nayo asili yake ni Marekani. Ni ndugu ya brauni, ile keki nyeusi nzito ambayo hukatwa vipande vya mraba. Wengi hudhani brauni ilikuwa na chokoleti tangu zamani. Lakini Fannie Farmer wa Boston alipotoa kitabu chake cha mapishi mwaka 1896, vikeki alivyoviita brauni havikuwa na chokoleti, bali asali nyeusi ya miwa. Chokoleti iliingia katika chapa ya mwaka 1906. Blondi nayo haina kakao. Ladha na rangi yake hutoka katika sukari ya kahawia, yaani sukari yenye asali hiyo ya miwa ndani yake. Asiyeipata na atumie sukari guru, maadamu ameitwanga na kuichekecha vizuri.

Kwa sufuria yenye upana wa sentimita 23, vipimo ni hivi: siagi gramu 170, sukari ya kahawia gramu 300, mayai 2, unga wa ngano gramu 200, vanila kijiko 1 cha chai, na chumvi nusu ya kijiko hicho. Kwa tabaka la pili ziwepo kakao vijiko 2 vya mezani, maziwa kijiko 1, na konzi ya karanga zilizokaangwa na kupondwa. Asiye na mizani apimiwe na mwenye duka, wala asikisie.

Siagi iyeyushwe, ichanganywe na sukari, kisha iachwe ipoe kidogo, kwa maana mayai yakitiwa katika siagi ya moto yataiva kabla ya wakati. Mayai na vanila vikiisha kuchanganyika, unga na chumvi vitiwe, na mwiko ukome mara unga usipoonekana tena. Kukoroga sana huifanya keki kuwa ngumu. Mchanganyiko ugawanywe sehemu mbili sawasawa, na kakao na maziwa vitiwe katika sehemu moja. Sufuria ndogo itandikwe karatasi iliyopakwa siagi. Chini litandazwe tabaka la kakao, juu yake karanga, kisha tabaka jeupe kwa kijiko, polepole, ili yasichanganyike.

Sasa ni habari ya moto, na hapa ndipo wengi hushindwa. Katika sufuria kubwa utiwe mchanga mkavu wa kina cha vidole viwili, upashwe moto kwa robo saa. Juu ya mchanga viwekwe vijiwe vitatu, na sufuria ndogo ikae juu yake. Sufuria kubwa ifunikwe, na makaa yapaliwe juu ya kifuniko. Makaa ya juu yazidi ya chini, kwa sababu moto mwingi chini huunguza tabaka la kakao huku la juu likiwa bado bichi. Kazi hii ifanyiwe nje au penye hewa nyingi, kwani hewa ya makaa katika chumba kilichofungwa huua.

Kifuniko kisifunuliwe kabla ya dakika 35. Kisha kijiti kichomwe katikati: kikitoka na uji, keki irudi motoni, kikitoka na chembe chache zenye unyevu, imekwisha iva. Anayengoja kijiti kitoke kikavu kabisa atapata keki kavu, kwa sababu blondi huendelea kujikaza baada ya kuepuliwa.

Jambo la mwisho ndilo gumu kuliko yote: kungoja. Harufu yake huwaita watoto mlangoni, na mkono hutafuta kisu. Lakini siagi iliyo moto haijaganda bado. Keki ikikatwa wakati huo hubomoka, na matabaka yote mawili huwa rundo moja. Iachwe saa mbili ipoe, ndipo ikatwe. Hapo kila kipande kitaonyesha mstari wa kahawia chini na wa dhahabu juu, na mgeni hataamini kwamba kimetoka katika sufuria na mchanga.

Basi, kinachomtengeneza mwokaji si jiko la bei kubwa. Ni kipimo, moto wa kiasi, na subira.