Moyo wa Mchimbaji na Sukari Bandia



Kila nikitaja sukari bandia mbele ya madaktari wa mji huu, jibu ni lilelile: hayo ni mambo ya watu walioshiba, moyo wa mtu wa Kolwezi unatishwa na kobalti ya mgodini, si na kinywaji. Nusu ya hoja hiyo ni kweli. Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Lubumbashi na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha mwaka 2018 jinsi kobalti ilivyojaa katika damu na mkojo wa wakazi wa Kasulo, mtaa wa hapa Kolwezi, hasa watoto. Hapo sina ubishi. Ubishi wangu uko kwenye maneno “si na kinywaji”.

Twendeni Québec. Kuanzia Agosti 1965, wanaume takriban 50 waliletwa hospitalini wakihema, mioyo yao imetanuka. Wapatao 20 wakafa. Hawakutoka mgodini. Daktari Yves Morin na wenzake, ambao maandishi yao nimeyasoma na kuyarudia tangu ujana wangu, walifanya jambo ambalo wengi wetu tunaliona dogo: waliwauliza wagonjwa wanakunywa nini, na kiasi gani. Ilikuwa bia, tena nyingi, na kiwandani ilikuwa imetiwa chumvi ya kobalti ili povu lidumu. Kobalti ilipoondolewa, wagonjwa wapya wakakoma. Leuven nako wanywaji wa bia waliugua hivyohivyo.

Hapa ndipo hoja ya wenzangu inapovunjika, basi tukae kidogo. Kobalti waliyokunywa wale watu kwa siku ilikuwa pungufu kuliko ile ambayo madaktari wa zama hizo waliwapa wagonjwa wa upungufu wa damu kama dawa, wala mioyo ya hao wagonjwa haikuharibika namna ile. Wanywaji wale walikuwa wanakunywa sana na kula vibaya, protini haba, vitamini haba. Kiambato kilikuwa kilekile, kipimo kidogo zaidi, na bado kikaua, kwa kuwa mwili uliokipokea ulikuwa umedhoofika.

Sasa turudi kwenye sukari bandia, tuanze na aspartamu. Kiwango kinachokubalika ni miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, nacho kilithibitishwa upya mwaka 2023. Kijana wa kilo 60 ataruhusiwa miligramu 2,400, ambazo ni makopo mengi, nakiri. Lakini hesabu hiyo hutazama uzito tu. Haimwulizi mchimbaji kama tangu alfajiri amekula kitu zaidi ya biskuti.

Ushahidi wenyewe juu ya moyo nisiutie chumvi. Huko Ufaransa, uchunguzi wa NutriNet-Santé wa watu 103,388, uliochapishwa 2022, ulikuta kwa mwaka wagonjwa wa moyo na mishipa 346 kwa kila watu 100,000 wanaotumia sana sukari bandia, dhidi ya 314 kwa wasioitumia. Tofauti ni ndogo, na mtu aliyekwisha kunenepa ndiye huwa wa kwanza kuikimbilia sukari hiyo, hivyo unene wenyewe waweza kuwa chanzo. Watafiti wa Cleveland walihusisha erithritoli, nayo ni kitu cha kutia utamu badala ya sukari, na kuganda kwa damu mwaka 2023. Mwili nao huitengeneza yenyewe, kwa hiyo wingi wake damuni waweza kuwa dalili tu. Hata hivyo walipowanywesha watu 8 wazima gramu 30, ilibaki juu damuni kwa zaidi ya siku mbili. Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari bandia isitumiwe kupunguza uzito. Ushauri huo hauwahusu wenye kisukari, basi asiwepo wa kurudi kwenye sukari kwa ajili yangu.

Jirani yangu, muuza vinywaji, aliniletea sashe ya unga wa juisi akataka kujua E 950 na E 951 ni vitamini gani. Watoto wake walikuwa wakiinywa kila asubuhi kwa imani hiyo. Hizo ni asesulfamu na aspartamu. Hakuna aliyewahi kumwambia kwa Kiswahili.

Katika hesabu zote za Ufaransa hamna mchimbaji wa Kasulo, mwenye kobalti damuni na tumbo tupu. Ndiyo maana sitaacha kudai kwamba kila mgonjwa wa moyo anayelazwa Kolwezi aulizwe kama Morin alivyouliza. Ndugu zake walete chupa na sashe, na namba za E ziandikwe kwenye fishi yake, pamoja na kazi yake na alichokula jana. Wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho wataanza muhula huu.