Tiba ya Kurudi Nayo Yahuma



Mzazi wa Yahuma anayeshuka kwenye mtumbwi hapa Kisangani na mtoto asiyesema amekwisha kubisha hodi milango mingi. Ameambiwa mtoto ni bubu. Ameambiwa amelogwa. Pengine ameambiwa mtoto mwenyewe ndiye ndoki, yaani mchawi, ingawa sheria ya Kongo ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu shutuma hiyo. Akitufikia anauliza: dawa iko wapi? Kama ni usonji, hakuna sindano wala kidonge cha kuuondoa, na anayemuuzia kimoja anamlia pesa zake.

Yako lakini magonjwa ya kuangaliwa kwanza. Malaria kali inaweza kuharibu usikivu, kwa hiyo masikio yapimwe. Kifafa huandamana na usonji mara nyingi, na katika vijiji vya kando ya mito ya jimbo hili la Tshopo, penye ugonjwa wa usubi unaohusishwa na kifafa, kifafa si kigeni. Hicho kina dawa, tena ya bei nafuu.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze tiba. Wenye simu wamesoma habari za Ivar Lovaas wa Marekani, aliyeandika mwaka 1987 juu ya mafunzo ya saa 40 kwa wiki, mtaalamu mmoja kwa mtoto mmoja. Kumwambia hayo mkulima wa Yahuma ni kumfukuza kwa heshima.

Mimi nimevutwa na jaribio jingine, la Goa nchini India na Rawalpindi nchini Pakistan, lililochapishwa mwaka 2015. Watoto 65 waligawanywa makundi mawili. Wazazi wa kundi moja walifundishwa na wahudumu wa afya wasio wataalamu. Wazazi hao walijifunza kumfuata mtoto badala ya kumwamrisha, na watoto wao wakaanzisha mawasiliano mara nyingi zaidi. Usonji haukuondoka, wala hakuna aliyeahidi hivyo.

Tazameni inavyofanyika. Mtoto ana miaka minne. Akitaka lituma (ndizi za kupondwa), humshika mama kifundo cha mkono na kumvuta hadi kwenye sahani, bila kumtazama usoni. Mama humpa upesi, kilio kisianze. Mfunzaji anamwomba asimpe bado. Achuchumae, nyuso zao zikabiliane. Ashike lituma mkono huu, samaki mkono ule, anyamaze, ahesabu moyoni hadi tano. Mtoto akimtupia samaki jicho, mama anatamka neno moja tu, "samaki," na kumpa papo hapo. Hakuna "sema kwanza." Kesho watarudia mtoto akioga, akimenya ndizi, akivaa.

Shirika la Afya Duniani limekwisha kutengeneza mafunzo ya aina hii kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani. Ni nani atakayeyafikisha kijijini? Mto huu wa Kongo umewahi kujibu swali kama hilo. Daktari Clement Chesterman alifika Yakusu, jirani na Kisangani, mwaka 1920, malale yakimaliza vijiji. Aliwafunza vijana wa hapa uuguzi, nao wakaendesha zahanati za vijijini. Mabavu ya kampeni za kikoloni dhidi ya malale siyatamani hata kidogo. Mpango ule wa wauguzi ndio ninaoutaka.

Neno kuhusu lugha. Mtoto huyu anasikia lugha ya kijiji nyumbani, Lingala sokoni, Kiswahili kwa shangazi yake hapa mjini, Kifaransa shuleni. Wazazi hushauriwa wabaki na Kifaransa. Ushauri huo hauna msingi: tafiti hazikuonyesha kwamba lugha nyingi humdhuru mtoto mwenye usonji. Mama aliyenyimwa lugha yake hunyamaza, na tiba yenyewe ni mazungumzo yake.

Wauguzi tunawafunza wenyewe, hapa ISTM, taasisi ya juu ya ufundi wa tiba. Naomba somo hili la kuwafunza wazazi waanze nalo kabla ya staji, na kila mmoja awe na msimamizi wa kumpigia simu. Stadi hii isipotazamwa huharibika upesi: muuguzi aliyechoka hurudia kutoa amri, na mama hurudia kutoa lituma kabla hajaangaliwa.