Mwendo wa Aliye Nyuma: Hotuba kwa Kikosi cha Baiskeli, Busia



Tumewaita kuhusu safari ya kuchangia vitanda vya wodi ya wazazi. Tumechagua baiskeli kwa kuwa jina bodaboda lilizaliwa papa hapa mpakani. Tangu miaka ya 1960 vijana walibeba abiria na mizigo kwa baiskeli kati ya kituo cha Uganda na kile cha Kenya. Pikipiki zilikuja baadaye zikarithi jina. Wazee wawili walioifanya kazi hiyo wamejiandikisha kwenda nasi, na baiskeli zao ni zilezile za chuma, zisizo na gia.

Wengi mmeuliza kwa nini tusifike Kampala. Barabara kuu ya Bugiri na Iganga ndiyo njia ya malori na matangi ya mafuta, na kipande cha msitu wa Mabira hakimhurumii mwendesha baiskeli. Sisi tunaoitwa kupima ajali za barabarani hatuwezi kuwapeleka huko watu tuliowaalika wenyewe. Tutapita Lumino, Namayingo na Mayuge, tuingie barabara kuu pale Musita, kisha tumalizie Jinja, kwenye Mto Nile. Tutakwenda kwa siku mbili.

Sasa tufike kwenye jambo lililozusha ubishi katika mazoezi. Kikosi kitakwenda kwa mwendo wa aliye nyuma. Vijana wenye baiskeli za gia wamelalamika kwamba kwenda polepole kunachosha miguu kuliko kwenda kasi, na hoja yao ina ukweli. Lakini gari letu la nyuma ni moja tu. Kikosi kikikatika vipande vitatu, vipande viwili havina ulinzi, na dereva aliyekwisha kupita kundi kubwa hatazamii kumkuta mzee peke yake mbele, amechoka, baiskeli ikiyumba. Tunamhofia mtu huyo kuliko mwingine yeyote.

Wenye nguvu wana kazi yao. Upepo wa mbele humaliza nguvu, na anayefuata karibu nyuma ya mwenzake hupumzika. Basi vijana watapokezana kukaa mbele, nao wazee watakaa katikati. Anayeona shimo ataonyesha kwa mkono na kupaza sauti, kwa maana aliye nyuma haoni kitu isipokuwa mgongo. Kwa kuwa nchi zetu zote mbili hupita kushoto, majirani hawatahitaji kujifunza upya.

Tumekwisha kwenda kilomita 20, kisha 40. Zimebaki 60, kwa siku mbili mfululizo, maana mtu huijua baiskeli yake asubuhi ya siku ya pili, anapokikalia tena kiti. Kunyweni maji kabla ya kiu, na kuleni ndizi au karanga kabla ya njaa. Aliyekwisha kuishiwa nguvu mlimani hasaidiwi na chakula cha wakati huo. Kila mmoja achukue tyubu ya akiba, na kila wawili pampu moja. Mipira ya breki iliyolika ibadilishwe sasa. Kofia ngumu ni lazima, hata kwa waliokwenda miaka arobaini bila kuivaa. (Wazee, tumewaona mkicheka.)

Kuhusu fedha tutasema wazi, kwani tunajua yanayosemwa vijiweni. Hakuna askari atakayeshika mchango. Sanduku litakaa kwa mweka hazina wa akina mama wa soko, funguo mbili zitakuwa kwa mwenyekiti mmoja wa kila upande wa mpaka, na daftari la majina litasomwa hadharani kila Jumapili jioni. Shilingi za Uganda na za Kenya zitaandikwa katika kurasa mbalimbali, pasiwepo mabishano ya kubadilisha. Mtu akitaka kulikagua daftari siku yoyote, asizuiwe.

Majirani, mje na vitambulisho katika kila zoezi, mpite kituo cha pamoja kama kawaida. Njia za panya hazifai, hata kwa jambo jema.

Zoezi lijalo ni Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, mbele ya kituo cha polisi. Fundi atakuwepo tangu saa kumi na moja. Mwenye mnyororo uliolegea awahi, kwa kuwa foleni itakuwa ndefu.