Nyumba Nje ya Uhindini

Kamati imetuomba tuseme neno juu ya makazi, kwa kuwa vijana wengi wa jumuiya sasa wanatafuta nyumba pembezoni mwa Dar es Salaam, na kila Jumapili baada ya aarti maswali huwa yale yale: twende mtaa gani, tutapokewaje huko, na bibi mzee atafikaje hekaluni? Sisi hatukusomea sheria wala mipango miji. Tu familia ya wauza bati, saruji na misumari, na elimu yetu iliishia sekondari. Tutasema yale tuliyoyaona.

Husemwa mara nyingi kwamba Wahindi wapenda kujitenga. Neno hilo lina ukweli wake, lakini lina historia yake pia. Wajerumani waliugawa mji huu kwa kanda za ujenzi, na Waingereza walipoitwaa nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza hawakuuvunja mgawanyo ule. Sheria haikuhitaji kutaja rangi ya mtu. Ilitosha kutaja aina ya jengo, nyumba ya mtindo wa Ulaya huku, maduka na makazi kule, nyumba za kienyeji kwingineko. Matokeo yake wazee wetu waliyaona kwa macho: Oyster Bay kwa Wazungu, Uhindini kwetu, Kariakoo kwa Waafrika, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Jamaa zetu wa Nairobi nao walipata yao: Profesa Simpson alipendekeza mwaka 1913 kwamba miji itengwe kwa rangi, na hata baada ya waraka wa serikali ya Uingereza wa mwaka 1923 kuiacha sera hiyo mijini, hati nyingi za viwanja ziliendelea kubeba masharti ya kumzuia Mwasia. Kwa hiyo babu yetu, alipofika na jahazi kutoka Kathiawar, hakuchagua mtaa. Alionyeshwa mahali pa kukaa.

Likaja jambo la pili, ambalo vijana hulisikia nusu nusu. Mwezi Aprili 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, yakakabidhiwa Msajili wa Majumba. Sisi hatukuwa na jengo. Tulikuwa wapangaji wa vyumba vitatu ghorofani, na siku iliyofuata tuliendelea kuishi mle mle, ila mwenye nyumba alibadilika. Majengo hayo baadaye, mwaka 1990, yaliingia katika Shirika la Nyumba la Taifa. Tusijifanye kwamba wote walilia: wapo wapangaji, Wahindi kwa Waafrika, waliopata nafuu. Lakini baba aliwaona rafiki zake wakifunga masanduku kwenda London na Toronto, akaapa kutojenga kamwe. Miaka 20 na zaidi aliuza saruji kwa watu waliokuwa wakijenga Sinza, Mwenge na Tabata, naye mwenyewe hakuweka hata tofali moja juu ya jingine. Twaamini kwamba hofu hii ndiyo iliyotubana mjini kuliko kanda zozote za mkoloni, nayo imerithiwa na watoto ambao hawakuwapo mwaka 1971.

Ilipofika miaka ya tisini, vyumba vitatu vilikuwa na watu tisa. Tukaanza kutafuta.

Mikocheni tulipata nyumba nzuri yenye kisima. Dalali alituhakikishia kwamba mambo yamekwisha, kodi ya miezi 12 mbele, na fedha tulikuwa nazo. Mwenye nyumba alitupokea kwa chai, akauliza jina la ukoo, akanyamaza kidogo, kisha akasema amekumbuka kwamba mpwa wake anarudi kutoka masomoni. Dalali alitueleza ukweli tukiwa njiani: mzee yule aliamini kwamba Mhindi akipanga nyumba huigeuza godauni. Kwingineko hatukukataliwa, tulitajiwa bei. Rafiki yetu Msukuma, mteja wa siku nyingi, alikwenda kuulizia kiwanja kile kile wiki ile ile, akatajiwa nusu ya ile tuliyoambiwa sisi. Tangu hapo tulijifunza kuacha wengine watangulie kuuliza.

Hayo wengi wenu mwayajua, na huwa twayasimulia kwa uchungu tukinywa chai hapa uani. Yanayosimuliwa kwa nadra ni haya yanayofuata. Mjini penyewe, katika majengo ya watu wetu, tuliulizwa kama sisi ni Lohana au Patel, na tulipojibu, chumba kikawa kimeshachukuliwa. Na mhasibu wetu wa dukani, kijana wa Kipare, Msabato asiyekula nyama kabisa, alijibu tangazo lililosema nyumba ni ya familia ya wasiokula nyama. Alikwenda akiwa amevaa vizuri, barua ya mwajiri mkononi. Mwenye nyumba, mtu wa jumuiya yetu, hakumuuliza anakula nini. Alimwambia kupitia uwazi wa mlango kwamba pamejaa. Tangazo lilibaki pale pale wiki tatu.

Kijana yule alirudi kazini, akakaa, akaendelea na hesabu. Hakutulaumu. Tulimwona tu siku hiyo akikosea kujumlisha mara mbili, jambo lisilo kawaida yake.

Basi tulinunua kiwanja Tabata. Wakubwa wa jumuiya walitushangaa: mbali, vumbi, na Mhindi gani atawajulia hali? Twawajibu leo kwa namna tulivyochagua, huenda ikawafaa wanaotafuta. Tulikwenda Ardhi kufanya upekuzi wa hati kabla ya kutoa senti, tukahakiki mawe ya mipaka pamoja na mpima. Tulitembelea mahali hapo masika, maana kiangazi kila bonde ni kiwanja. Tulikwenda usiku pia. Na kabla ya kukubaliana bei tulimtafuta mjumbe wa nyumba kumi, mwalimu mstaafu, tukamuuliza waziwazi kama majirani wangeona tabu kuishi na sisi. Alicheka. Akasema, “Mzee, hapa tuna Wahaya, Wakurya na Wamakonde. Mkija mkichangia misiba na ulinzi, mtakuwa kabila la nne.”

Tukachangia. Mwanzoni hatukujua hata mahali pa kuketi msibani. Tulipeleka turubai na sukari, tukafundishwa mengine. Mtoto wetu mkubwa alilinda zamu na sungusungu, na alipiga filimbi vibaya kuliko wote. Si kila mtu alitupenda, na wapo watoto waliotuimbia maneno barabarani kwa miaka miwili mitatu. Mama alipanda daladala hadi hekaluni mara mbili kwa wiki, na utingo alimtengea kiti. Alipofariki, akina mama wa mtaa walifika alfajiri na mikeka na masufuria. Mmoja wao akauliza kwa sauti ya chini kama sufuria iliyowahi kupikia nyama yafaa kuchemshia chai ya waombolezaji. Hakuna aliyekuwa amemfundisha kuuliza hivyo.

Sasa tufike kwenye jambo lililo mbele yetu. Jumuiya inakusudia kujenga ghorofa za kupangisha kwenye kiwanja kilicho nyuma ya hekalu, na limeletwa pendekezo kwamba wapangaji wawe wa jumuiya peke yao. Wanaolitetea si watu wabaya. Baadhi yao walikataliwa nyumba kama tulivyokataliwa sisi, na wanataka watoto wao wawe na mlango mmoja usiowafungia. Twauelewa moyo huo. Lakini hatuliungi mkono. Ibara ya 13 ya Katiba yetu yapinga ubaguzi wa kabila, rangi na dini, na itakuwa ajabu nyumba inayojengwa kwa sadaka ya hekalu iwe ndiyo ya kuupanga upya mji kwa kanda.

Kuhusu jikoni, hoja ni ya haki. Aliye jirani na madhabahu aweza kuomba nyama isipikwe ndani ya jengo, na sharti hilo liandikwe kwenye mkataba, lisomwe kwa kila mwombaji, Mgujarati, Mpare au Mchaga. Atakayelikubali apangishwe kwa zamu ya maombi yake. Tukikataa kuulizana jina la ukoo, mhasibu wetu, ambaye sasa ana watoto watatu na bado hali nyama, atakuwa na haki ya kuomba kama mtu mwingine yeyote. Tumemweleza habari za ghorofa hizi. Alisema atafikiri, kwa kuwa mkewe hapendi ngazi.

Ramani ya jengo imebandikwa ukumbini, karibu na mlango wa jikoni, na rasimu ya masharti ya upangaji ipo chini yake. Wanajumuiya wataipigia kura katika mkutano mkuu. Majirani nanyi mwakaribishwa kuisoma, na penye neno lisiloeleka, mwandikie katibu.