Seli Shina na Kano Iliyojeruhiwa: Uliza Kabla ya Kulipa



Mkulima wa alizeti akiumia kano ya kisigino wakati wa palizi, kila siku anayokaa kitako ni hasara. Ndiyo maana anayemwahidi uponyaji wa haraka kwa sindano ya seli shina humkuta yu tayari kuuza hata mbuzi. Leo tuipime ahadi hiyo.

Kano ni ule ukano mgumu unaounganisha msuli na mfupa. Damu huifikia kwa uchache, hivyo hupona polepole na kuacha kovu lisilo imara kama kano ya awali. Seli shina ni seli changa zenye uwezo wa kukua na kuwa seli za aina nyingine. Watafiti huzichota katika uloto wa nyonga au mafuta ya mwili, wakazikuza maabara, kisha wakazidunga penye jeraha. Farasi wa mbio wametibiwa hivyo kwa miaka mingi. Kwa binadamu, tafiti nyingi ni ndogo na matokeo yake yanatofautiana. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, haijaidhinisha bidhaa yoyote ya seli shina kwa tiba ya kano.

Msichanganye jambo hili na upandikizaji wa uloto kwa watoto wenye selimundu katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Huko hutumika seli shina za damu, na manufaa yake yamethibitishwa. Sifa ya tiba moja haiwi cheti cha nyingine. Wala unga au vidonge vinavyouzwa kwa jina hilo haviwezi kupeleka seli hai kwenye kisigino. Tumbo huvisaga kama chakula kingine.

Kabla ya kulipa, uliza: Je, bidhaa imesajiliwa na TMDA? Je, daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika? Seli zimetoka kwa nani? Kama ni utafiti, kibali kiko wapi? Sindano isiyo safi huleta maambukizi, na fedha iliyokwisha kulipwa ni shida kurudi.

Kano nyingi hupona kwa kupunguza kazi na kufanya mazoezi ya hatua kwa hatua chini ya mtaalamu. Iliyokatika haitaki kucheleweshwa: nenda hospitali mapema.